Pembe za kulungu zenye mahameli: manyoya yameanza kunyonyoka nchani, zinaokolewaje?

Mwinda Lexington
Wakuu, salaam. Nipo Kentucky, Marekani. Msimu wa upinde huku hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na safari hii nimeangusha dume la kulungu mkia mweupe, matawi manane, pembe zote bado zimevaa mahameli. Kwa ambao hawajawahi kuona, ni ngozi yenye manyoya mafupi laini inayofunika pembe kuanzia shinani hadi nchani. Nataka kichwa kipambwe kwa ajili ya ukutani pembe zikiwa hivyo hivyo, zisichunwe.

Mshale ulimpata jioni, akapatikana alfajiri, na usiku ule ulikuwa wa joto. Kichwa kiliingia friza asubuhi. Sasa nikikagua, ncha mbili za pembe ya kushoto manyoya yanatoka kwa kidole, na ngozi iliyo chini imekuwa nyeusi, inateleza. Kwingine kote ni imara.

Nimeshauriwa mambo matatu yanayopingana: nichome sindano za fomalini (dawa ya kuhifadhia maiti), nipake chumvi, au nivue yote nibandike ya bandia. Nani amefanya mojawapo na akaona hali ilivyo baada ya miaka? Na kwa nini ianze nchani tu?

Mtoto wa Pangani
Nimevuta kiti, wajuzi waje. Ila mimi naanzia chini kabisa: pembe inaotaje ngozi na manyoya? Swala, tandala na pofu wote niliowaona pembe zao ni kavu kama kucha.

Mganga wa Mifugo Moro
Mtoto wa Pangani, umegusa penyewe. Tandala na swala wana pembe za kudumu: ndani kuna mfupa, nje kuna gamba la keratini, ndiyo hiyo hiyo ya kucha na kwato. Gamba halina damu. Kulungu wa Marekani na Ulaya ni ukoo mwingine kabisa. Pembe yake ni mfupa mtupu, huanguka kila mwaka na kuota upya. Inapoota, mfupa hauwezi kujilisha wenyewe, kwa hiyo unafunikwa na ngozi hai yenye mishipa ya damu, neva na manyoya. Hiyo ndiyo mahameli. Elki, kulungu mkubwa wa Marekani, anaweza kuongeza karibu sentimita 2.5 kwa siku msimu ukipamba moto. Hakuna kiungo cha mamalia kinachokua kwa kasi ya namna hiyo.

Siku zinapoanza kufupika mwishoni mwa kiangazi, testosteroni (homoni ya kiume) inapanda, mfupa unajaa madini, damu inakatika, ngozi inakufa na dume anaisugua kwenye vichaka. Mara nyingi anaimaliza ndani ya saa 24. Chukua pembe iliyokwisha kuvuliwa uitazame kwa karibu, utaona vijia vimechimbika juu ya mfupa kutoka shinani kwenda juu. Hapo ndipo mishipa ilipokuwa imelala.

Mfano wa karibu kwetu ni twiga. Vipembe vyake vimefunikwa ngozi na manyoya maisha yake yote, havimwagi. Dume mzee utamkuta na upara juu ya vipembe kwa sababu ya kupigana.

Sasa swali la nchani: pembe hukua kwa ncha. Ncha ndiyo ya mwisho kuwa mfupa, ndiyo yenye damu nyingi na nyama laini. Joto la usiku mmoja linatosha kuanza kuivundisha wakati shina bado zima.

Chumvi ya Uvinza
Mkuu Lexington, usihangaike na madawa. Nimekaa kambi za uwindaji wa kitalii kusini kwa muda mrefu. Ngozi ya nyati, ya chui, ya simba, zote tunazipaka chumvi ya mawe mpaka zinatoa maji. Unakung'uta, unapaka tena, unaanika kivulini. Haijawahi kunyonyoka hata unywele. Mahameli si ngozi? Ipake chumvi.

Fundi Njiro
Kaka Uvinza, kambi tunaziheshimu, lakini hapo sikubaliani. Ngozi ya nyati unaichuna kwanza, unakwangua mafuta na nyama, ndipo chumvi inapakwa upande wa NDANI. Huko ndiko inakonyonya maji. Mahameli haijachunwa, upande wake wa ndani umeshikana na mfupa. Ukipaka chumvi juu ya manyoya, inakutana na upande ambao Mungu aliuumba kuzuia vitu visipenye. Itakausha juu, chini damu inaendelea kuoza, na baada ya wiki kadhaa utaona inavimba na kuachia kama gamba.

Chumvi ipakwe kwenye ngozi ya shingo na uso, maana nayo kichwa kinaihitaji. Kwenye pembe, hapana.

Chumvi ya Uvinza
Nimekuelewa fundi. Lakini mbona wapo wanaopaka boraksi (unga mweupe wa madini) juu juu tu na pembe zinakaa?

Fundi Njiro
Zinakaa zile zilizokwisha kuwa ngumu, mnyama akiwa amebakiza siku chache avue mwenyewe. Hapo damu karibu haipo, hata spiriti ya kupangusia ingetosha. Huyo wa Lexington ana ncha zinazoteleza, ni habari nyingine.

Bukavu-Louisville
Ndugu, mimi ni jirani yako, niko hapa Louisville. Fomalini nimeifanya pamoja na mzee mmoja mwindaji wa hapa, pembe za rafiki yangu, na mpaka leo ziko sebuleni kwake na hazinuki.

Tulifanya hivi. Kichwa kilikatwa, kikageuzwa pembe zikaning'inia chini. Kila ncha ilichanjwa kidogo kwa wembe ili damu ipate pa kutokea. Ukipapasa karibu na shina kwa kidole, chini ya manyoya unahisi vijikamba vyembamba vinavyopanda juu. Ile ndiyo mishipa. Sindano inaingia humo, unasukuma polepole. Kwanza inatoka damu nyeusi nzito nchani, halafu ya rangi ya waridi, halafu maji meupe. Hapo unahamia mshipa mwingine. Ukimaliza mishipa, unachoma vidogo vidogo kila baada ya nafasi kuelekea juu, hasa nchani. Kinachomwagika juu ya manyoya kifutwe mara moja, kikikauka kinaacha doa. Kisha ziachwe penye upepo mpaka zikauke kabisa.

Fomalini ya dukani huja nzito, kama asilimia 37. Tuliipunguza, kipimo kimoja kwa tisa vya maji.

Nesi wa Kisauni
Bukavu, umeeleza vizuri ila umeruka jambo kubwa. Hospitalini fomalini tunaijua. Fomaldehaidi, gesi iliyoyeyushwa ndani yake, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la 1, maana yake inathibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake unachoma macho na koo kabla hujakaa sawa. Na ukiwa unasukuma sindano kwenye mshipa uliozibika, dawa inarudi kwa nguvu usoni. Miwani ya kufunga pembeni, glavu za kemikali, barakoa yenye kichujio cha mvuke (ya kitambaa haizuii kitu), na kazi ifanyike nje. Si jikoni, si gereji iliyofungwa, na watoto wasikaribie pembe mpaka harufu iishe.

Bukavu-Louisville
Asante dada. Tulikuwa nje na miwani tulivaa. Barakoa ya kichujio hatukuwa nayo, nitamfikishia mzee.

Mpare Mjeuri
Mganga wa Moro kasema ncha inaoza kwa sababu ya damu. Mimi naona sababu nyingine. Septemba ni mwezi wao wa kuvua. Huyo dume huenda alikuwa amebakiza siku moja au mbili asugue mwenyewe, kwa hiyo ngozi ilikwisha kuanza kujiachia kabla ya mshale. Hapo hakuna cha kuokoa, unapigana na kitu ambacho mwili wenyewe umeamua kukitupa.

Mganga wa Mifugo Moro
Mpare, ingekuwa hivyo ngozi ya nchani ingekuwa kavu na yenye nyufa, pengine inaning'inia kama uzi. Yeye anasema nyeusi na inateleza. Hiyo ni dalili ya kuvunda.

Binti Kilwa Minnesota
Kuna jambo la tatu hamjaligusa: friza lenyewe. Mafriza mengi ya nyumbani siku hizi hayajengi barafu ukutani kwa sababu yanajipasha moto kidogo kila baada ya muda ili kuiyeyusha. Kitu kinene kama paja hakisikii. Ncha ya pembe ni nyembamba, inalegea na kuganda, inalegea na kuganda. Mume wangu huku anatumia friza la kizamani la sanduku, lile la kugandua kwa mkono, kwa vichwa peke yake.

Halafu Lexington, alikokotwaje kutoka porini? Wengi hufunga kamba kwenye pembe. Mahameli ikiminywa, damu inavilia pale pale na ndiyo sehemu ya kwanza kuharibika. Hata kwenye pikapu, pembe zikigusa bodi barabara nzima zinasuguka.

Mwinda Lexington
Shukrani wote. Dada Kilwa, alibebwa kwa turubai, pembe hazikufungwa kamba. Ila alianguka kwa ubavu wa kushoto, na pembe inayosumbua ndiyo ya kushoto. Friza ni la kisasa, ni kweli halijengi barafu. Mkuu Mganga, umesema ncha inayokua ina nyama laini; zangu hazina uvimbe wa duara, zimechongoka vizuri tu.

Mpare Mjeuri
Zimechongoka! Basi mfupa umekwisha kukomaa. Mganga, nadharia yako ya nyama laini nchani inaishia hapo.

Mganga wa Mifugo Moro
Haiishii hapo, inapungua nguvu tu. Kuchongoka kunaonyesha ukuaji umesimama, hakuonyeshi kwamba damu imekauka. Na alilalia upande huo usiku kucha, damu hushuka upande wa chini. Kila aliyefungua mzoga anaujua wekundu ule wa upande uliolala.

Binti Kilwa Minnesota
Na mimi bado nasema friza.

Anchorage Kunani
Habari za kutoka Alaska. Huku caribou, kulungu wa nchi za baridi, huwindwa Agosti, wengi wao bado na mahameli, na jike naye ana pembe, kitu ambacho kwa kulungu wengine hukioni isipokuwa kwa bahati. Wawindaji wengi wa huku hawajisumbui. Unaweza kuwa mbali na friza kwa siku kadhaa, kwa hiyo wanachuna mahameli porini kwa kisu, wanasugua mfupa, kisha nyumbani wanaupaka rangi ya kahawia kwa sababu mfupa uliochunwa mapema hubaki mweupe wenye damu damu. Wanaotaka kuitunza hupeleka kwa mafundi wenye mashine ya kukausha kwa kugandisha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia pekee ya kuaminika. Pembe zinagandishwa, hewa inavutwa yote, na barafu iliyomo ndani ya ngozi inageuka mvuke bila kupitia maji. Ngozi haisinyai, rangi haibadiliki. Inachukua wiki kadhaa na si rahisi mfukoni.

Fundi Njiro
Anchorage, naunga mkono, ila usiwaache watu na imani kwamba kikishakauka kimemalizika. Ngozi iliyokaushwa kwa mashine haijafanywa ngozi kiwandani, ni nyama kavu yenye manyoya. Nondo wa nguo na wadudu wa ngozi wanaipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Tena mashine haiondoi mafuta. Fomalini, pamoja na ubaya wake wote, hubadilisha protini yenyewe, mdudu haioni kuwa chakula kirahisi.

Kaka wa Makumbusho
Hilo la wadudu niliongezee. Nafanya kazi na vielelezo vya zamani hapa Nairobi. Wazee wa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 walipaka sabuni ya aseniki kwenye ngozi ili wadudu wasile, na walifaulu, mpaka leo baadhi ya vile vichwa haviliwi. Lakini sumu bado imo, hatuvigusi bila glavu. Yeyote aliyerithi kichwa cha zamani cha ukutani asikikung'ute vumbi kwa mkono mtupu, na asiwape watoto wakipapase. Siku hizi mafundi wengi hutumia permetrini, dawa ya kuua wadudu. Wenye paka ndani wawe waangalifu, permetrini ni sumu kali kwa paka mpaka ikauke kabisa.

Mtoto wa Pangani
Wakuu, nimesoma mahali kwamba Wachina wananunua hizo pembe za mahameli kama dawa ya nguvu. Lexington, badala ya ukutani, si uuze?

Anchorage Kunani
Pangani na biashara! Zinazouzwa ni za kufugwa. Nyuzilandi wana mashamba makubwa ya kulungu mwekundu, pembe hukatwa zikiwa changa, mnyama akiwa amechomwa ganzi, na nyingi huenda China na Korea. Hizo ni laini, zimejaa damu, hukatwa vipande kama muhogo. Ya Lexington imekwisha kuwa mfupa, haina soko hilo. Pia sheria za kuuza sehemu za mnyama wa porini zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na ukivusha mpaka kitu kilichouzwa kinyume cha sheria ya jimbo, unakutana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1900, Lacey Act. Usimwingize mwenzako matatizoni.

Mzee wa Rekodi
Kwani Lexington hajafikiria kuipima kwa ajili ya kitabu cha rekodi za pembe? Mahameli inaongeza unene, namba itapanda kitabuni.

Binti Kilwa Minnesota
Mzee, hapo umeteleza. Boone and Crockett, klabu ya Marekani inayotunza rekodi hizo, hawapokei pembe zenye mahameli. Lazima ivuliwe, na pembe zikauke siku 60 kabla ya kupimwa rasmi. Wenye kundi maalumu la mahameli ni klabu nyingine, Pope and Young, nao ni wa upinde tu. Kwa kuwa yeye alitumia upinde, huko anaweza kuingia iwapo pembe zinafika kiwango.

Mzee wa Rekodi
Nimekusoma. Lakini hata hivyo kuna watu wanaacha kuandikwa kitabuni ili wabaki na mahameli. Mkia mweupe wa kawaida anahitaji alama 170 kuingia orodha ya kudumu ya Boone and Crockett. Mtu akiipata 170, akaivua ngozi ili aandikwe, mimi nitamwelewa.

Mwinda Lexington
Yangu haifiki huko, Mzee. Nataka tu nimkumbuke alivyokuwa siku ile.

Gundi Moto
Sasa nishauri mimi. Vua yote. Pembe ziloweke, zisuguliwe mpaka mfupa mtupu, zikauke. Halafu zipakwe gundi na kunyunyiziwa nyuzi fupi za nailoni zenye rangi ya mahameli. Wenye kifaa cha umeme hufanya nyuzi zisimame wima, huwezi kutofautisha ukiwa umekaa kwenye kochi. Hakuna harufu, nondo hali nailoni, hakuna fomalini. Fundi mzuri anamaliza kwa muda mfupi.

Bukavu-Louisville
Samahani kaka, lakini hapo nyara inakuwa ya dukani. Mnyama alifia pembe zake, wewe unamvika zulia.

Gundi Moto
Na macho ya kichwa ukutani ni ya nini, kama si kioo? Chini ya ngozi kuna povu gumu lililokatwa umbo la shingo. Hakuna kichwa cha ukutani ambacho ni mnyama mtupu. Kama ncha mbili zimekwisha kuoza, afadhali nyuzi safi kuliko upara unaonuka.

Fundi Njiro
Kuna njia ya kati. Okoa iliyo imara, na zile ncha mbili tu uzitengeneze kwa nyuzi, ukioanisha rangi. Mahameli halisi ina manyoya marefu kidogo na mafupi yaliyochanganyika, na karibu na shina huwa na weusi. Ukilinganisha kwa kutazama kwa karibu mchana, si kwa taa, mtu hataona kiungo. Fundi anayekataa kuchanganya hizo mbili hataki kazi tu.

Mpare Mjeuri
Kwa hilo la Njiro, mimi na Gundi Moto tunaweza kukaa meza moja.

Mbeya Tulivu
Nje ya mada kidogo. Shemeji yangu yuko Texas, anadai ameona dume lenye mahameli mwezi wa Desemba. Kadanganya?

Mganga wa Mifugo Moro
Hakudanganya. Dume aliyepoteza testosteroni, kwa jeraha la korodani, ugonjwa au kasoro ya kuzaliwa, hapati ile amri ya kuvua. Pembe hubaki na mahameli, hazianguki, na huendelea kuota vinundu vinundu mwaka hadi mwaka. Majike wachache wanaoota pembe nao mara nyingi hubaki hivyo.

Kaka wa Makumbusho
Lexington, kabla hujapeleka kichwa jimbo jingine kwa ajili ya mashine, angalia sheria za ule ugonjwa wa kukonda wa kulungu. Majimbo mengi hayataki kichwa kizima kivuke mpaka. Yanataka bamba la fuvu lenye pembe, limesafishwa ubongo na nyama yote.

Mzee wa Rekodi
Virusi hivyo vimefika Kentucky?

Nesi wa Kisauni
Si virusi, Mzee, ni prioni, protini iliyopinda vibaya. Ndiyo maana kuchemsha na spiriti haviiui.

Binti Kilwa Minnesota
Na Kentucky imefika, mnyama wa kwanza alithibitishwa Desemba 2023, kaunti ya Ballard. Uliza pia kama jimbo unakopeleka linaihesabu mahameli kuwa nyama. Si kila jimbo lina jibu moja.

Mwinda Lexington
Wakuu, nimeongea na fundi mmoja mwenye mashine, yuko ndani ya jimbo, kwa hiyo mpaka hauhusiki. Kasema nilete bamba la fuvu limeganda, ila ncha mbili hataki kuzigusa mpaka azione. Kaniambia nisichome chochote kabla, kwa sababu fomalini ikishaingia hawezi kuingiza pembe kwenye mashine yake pamoja na kazi za wateja wengine.

Bukavu-Louisville
Huyo anakataa fomalini kwa sababu ya mashine yake, si kwa sababu ya pembe zako. Ncha zinazoteleza hazitangoja foleni.

Anchorage Kunani
Zitangoja kama zimeganda kweli. Lexington, toa kichwa kwenye hilo friza la kisasa leo, tafuta la sanduku hata la kuazima. Pembe zizungushie karatasi laini kwanza, mfuko uje juu yake, usiubane manyoyani. Usafirishe na barafu kavu.

Binti Kilwa Minnesota
Ukiwa Lexington na huna la sanduku, waulize wachinjaji wa nyama ya porini, wengi hukodisha nafasi msimu huu. Na ukishafunga, usifungue tena kukagua. Kila ukifungua unalegeza zile ncha.